SIASA: JINA NA JAMBO LENYEWE

Somo la kusomwa nyumbani na kuzungumzwa katika vikundi

Katika somo la mwezi huu tuangalie jambo ambalo wengi hulitaja kila siku, bali wachache hulifafanua, nalo ni siasa, pamoja na yale mawazo makubwa yaitwayo itikadi. Sitaki kuwaambia mchague chama gani. Nataka kila msomaji, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa kijana, aweze kumwambia jirani yake, "Mawazo yangu ni haya, na sababu zangu ni hizi," bila hasira, wala bila kujificha nyuma ya jina asilolijua maana yake.

1. Maneno mawili: siasa na itikadi

Wazee wa pwani walipomwambia mtu, "Chukua mzigo huo kwa siasa," walitaka auchukue polepole na kwa uangalifu, usije ukaanguka. Walipomwambia, "Sema naye kwa siasa," walitaka aseme kwa upole na busara. Asili ya neno ni Kiarabu, nalo lahusu kutunza na kuongoza; hata mtunza farasi kwa Kiarabu huitwa kwa neno la ukoo huohuo. Basi siasa kwa asili ni utunzaji wa jambo zito. Siku hizi mtu akisikia maneno matupu husema, "Ah, hiyo ni siasa tu." Twaona jinsi neno jema lilivyoshuka.

Neno la pili ni itikadi. Hili nalo latoka katika Kiarabu, na shina lake lahusu kufunga fundo. Mfano wake ni mzigo wa kuni. Mwanamke aendaye msituni hukusanya vijiti vingi, huu wa mgunga, huu wa mkaratusi, kisha huvifunga kwa kamba moja. Kila kijiti ni wazo moja, kwa mfano wazo juu ya ardhi, au kodi, au mtawala. Kamba ni jina, kama vile ujamaa, au uliberali, au uhafidhina. Jina lafaa, kwa maana bila kamba hatuwezi kubeba kuni. Lakini hakuna mtu apikaye chakula kwa kamba. Anayetaka kujua kama kuni zitawaka, hana budi kufungua fundo na kutazama kijiti kimoja kimoja.

Hilo ndilo neno la somo hili lote: tusimpime mtu, wala tusijieleze wenyewe, kwa kamba peke yake.

2. Kwa nini tujifunze jambo hili?

Mtu aweza kuuliza, "Mimi ni mkulima, itikadi zanihusu nini?" Jibu ni hili: mahali watu wasipokuwa na maneno ya kueleza mawazo yao, hushika kilicho karibu, yaani kabila, ukoo, au rangi ya nguo ya chama. Ndipo jirani huwa adui, na hakuna ajuaye wamegombania nini.

Tukumbuke yaliyowapata ndugu zetu wa Kenya baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto, nalo lilikuwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo. Si kwamba hapakuwa na hoja za kweli. Zilikuwako: ni nani apewe ardhi, na madaraka yakae mji mkuu au yagawiwe mikoani. Lakini katika siku zile jirani hakuulizwa wazo lake. Alitambuliwa kwa jina lake na kwa lugha ya mama yake. Kisha angalieni: hoja hiyohiyo ya madaraka ilipelekwa kwa wananchi kwa karatasi za kura tarehe 4 Agosti 2010, wakakubali katiba mpya iliyogawa nchi katika kaunti 47. Jambo lililoshindikana kwa panga likawezekana kwa maneno.

Wala sisi wa Tanzania tusijione tu salama kuliko wengine. Mwezi wa Januari 2001, baada ya ubishi wa uchaguzi wa mwaka 2000, damu ilimwagika Unguja na Pemba, na watu wengi wakakimbilia Kenya wakiwa wakimbizi. Basi si somo la kupitisha wakati.

3. Itikadi zinazosikiwa sana

Sasa tufungue mizigo. Nitaeleza kila mmoja kwa ufupi, na kwa haki, yaani nitaanza na uzuri wake jinsi wenyewe wauonavyo, ndipo niseme udhaifu wake. Tena nitaweka methali yetu kando ya kila mmoja. Kwa maana mawazo haya yalipofika kwa majina ya kigeni, ndugu zake walikuwa wamekwisha kukaa hapa nyumbani.

Uliberali. Wazo lake kuu ni uhuru wa mtu mmoja mmoja. Kila mtu ana haki zake, za uhai, za mali, za kusema na za kuabudu, na serikali imewekwa kuzilinda, si kuzitwaa. Mwingereza John Locke aliandika hivyo katika karne ya 17, na Mskoti Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alieleza jinsi watu wakiachwa kununua na kuuza kwa hiari nchi huweza kupata mali. Methali yetu husema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Uzuri wake ni kwamba mnyonge aweza kumshitaki mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba mwenye njaa na mwenye shibe wakiambiwa, "Haya, nendeni sokoni, mko huru," hawaendi kwa nguvu sawa. Mfumo wa soko na mitaji ya watu binafsi huitwa ubepari. Ni ndugu wa uliberali, lakini si kitu kimoja nao. Ziko nchi zilizokuwa na ubepari bila uhuru wa kusema.

Uhafidhina. Mhafidhina ni mtu ahifadhiye. Asema hivi: desturi, ndoa, dini, na sheria za zamani hazikuota kwa siku moja, zimepimwa na vizazi vingi, basi tusizing'oe kwa pupa. Edmund Burke aliandika hivyo mwaka 1790, alipoona Wafaransa wakiangusha kila kitu cha kale. Sisi twasema, "Mwacha mila ni mtumwa." Uzuri wake ni subira. Udhaifu wake ni kwamba jambo la kale laweza kuwa dhuluma ya kale. Katika Mwanza, mwaka 1990, Mahakama Kuu iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama vile mwanamume awezavyo. Mila ilikataa, mahakama ikasema haki za katiba ni za wote. Hapo uhafidhina na uliberali vilikutana uso kwa uso, na aliyesimama katikati alikuwa mwanamke mmoja na shamba lake.

Usoshalisti, ambao kwetu umeitwa ujamaa. Wazo lake kuu ni usawa. Mali huzalishwa na wengi, basi isiwe ya wachache. Mashamba makubwa, viwanda na mabenki viwe chini ya watu wote. Wazo hili lilipata nguvu Ulaya wakati wafanyakazi wa viwanda, hata watoto wadogo, walipofanya kazi saa nyingi kwa mshahara mdogo. "Kidole kimoja hakivunji chawa," ndivyo wasemavyo wazee wetu. Udhaifu wake waonekana pale kitu cha watu wote kinapokuwa si cha mtu, kikakosa mtunzaji.

Mto huu ulipasuka mikono miwili. Mkono mmoja ni ukomunisti. Karl Marx na Friedrich Engels walitangaza mafundisho yao mwaka 1848, na kwa jina hilo chama kimoja kilitwaa utawala wa Urusi mwaka 1917, nacho kikatawala peke yake mpaka dola ile ilipovunjika mwaka 1991. Mkono wa pili ni demokrasia ya kijamii. Hawa hawakutaka mapinduzi. Walitaka wachaguliwe kwa kura, waache soko lifanye kazi, kisha watoze kodi kubwa ili shule, hospitali na malipo ya uzee yawe ya wote. Swideni ilishika njia hiyo tangu mwaka 1932 kwa miaka mingi. Basi mtu akisema "msoshalisti," muulizeni, "Wa mkono upi?" Kwa maana mmoja humwondoa mpinzani wake kwa gereza, na mwingine humngoja katika uchaguzi ujao.

Utaifa. Huyu husema kwamba watu wa taifa moja wajitawale wenyewe. "Mkataa kwao mtumwa." Kwa wazo hili TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Utaifa waweza kuwafanya watu wa makabila zaidi ya 120 waitane ndugu. Lakini utaifa una upanga wenye makali mawili: hujenga "sisi," na pengine huhitaji "wale" wa kuwachukia.

Ufashisti. Hapo utaifa umeoza. Taifa huwekwa juu ya kila kitu, kiongozi mmoja huwekwa juu ya taifa, na mdhaifu na mgeni hukanyagwa. "Mwenye nguvu mpishe" huwa sheria. Mussolini alishika utawala Italia mwaka 1922, Hitler Ujerumani mwaka 1933. Jambo hili latugusa sisi Walutheri, kwa kuwa wengi wa wamisionari waliotuletea Injili walitoka katika nchi ile ya pili. Huko wachungaji wengi waliungana na chama cha mtawala, wakidhani ni kulipenda taifa tu. Wengine walikutana Barmen mwezi wa Mei 1934, wakatangaza kwamba kanisa halina bwana wa pili. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945 kwa sababu ya kumpinga Hitler. Twajifunza nini? Kwamba wenye elimu, na vitabu, na kanisa, nao waweza kuchukuliwa na kamba, wasitazame kuni.

Tena mtasikia "mrengo wa kushoto" na "mrengo wa kulia." Maneno haya yalitoka katika baraza la Ufaransa la mwaka 1789. Waliotaka mfalme apunguziwe nguvu walikaa upande wa kushoto wa mwenyekiti, na waliotaka abaki nazo walikaa kulia. Tangu hapo wapendao usawa na mabadiliko huitwa wa kushoto, na wapendao utaratibu wa zamani, au mali ya mtu binafsi, huitwa wa kulia. Yafaa kwa kuelekeza tu, kama vile mtu aonyeshavyo njia kwa kidole. Hayatoshi kumweleza mtu mzima.

4. Mfano wa nyumbani: neno ujamaa

Sasa tujaribu mafunzo yetu kwa neno tulijualo wenyewe. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu juu ya ujamaa, akisema asili yake ni jamaa ya Kiafrika, ambamo kila mtu alifanya kazi na hakuna aliyelala njaa peke yake. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Kesho yake mabenki yakatwaliwa kuwa mali ya taifa. Viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili, na hisa katika makampuni, na nyumba za kupangisha.

Upande wa Kenya, mwaka 1965, serikali nayo ilitoa andiko lake, na katika kichwa cha andiko hilo yalikuwamo maneno hayahaya: ujamaa wa Kiafrika. Lakini fungueni fundo. Ndani yake mali ya mtu binafsi ilithibitishwa, hati za kumiliki mashamba zikahimizwa, na mitaji ya wageni ikakaribishwa. Kamba ni moja. Kuni za Nairobi na kuni za Dar es Salaam hazikukatwa msitu mmoja.

Si hayo tu. Hata katika nchi moja jina na jambo vyaweza kuachana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika, kiitwacho KNCU mpaka leo. Walikusanya kahawa yao, wakauza pamoja, wakagawana faida. Kama ujamaa ni watu kusaidiana katika kazi zao, basi huo ulikuwa ujamaa kabla ya Azimio. Walakini mwaka 1976 serikali iliyojiita ya ujamaa ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, na kazi zao zikapewa mashirika ya serikali. Mambo yalipoharibika, sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na KNCU ikafufuliwa mwaka 1984.

Mtu akisikia hayo asikimbilie kusema, "Basi ujamaa ulikuwa bure." Hivyo tutakuwa tumetupa kuni zote kwa sababu ya kijiti kimoja. Vijiti vilikuwa vingi. Shule: Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamuru kila mtoto asome, na tangu mwaka 1977 madarasa yalijaa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Mafunzo ya watu wazima yaliwafanya wazee wengi wasome barua zao wenyewe. Lugha moja na shule za wote zilitufanya tuoane na kukaa pamoja bila kuulizana kabila. Vijiji: kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni walihamishwa wakakae vijijini, wengine kwa hiari, wengine kwa nguvu, na nyumba za wengine zilichomwa wasirudi. Shule za misheni zilitwaliwa baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969. Wako waliohuzunika kwa ajili ya kazi ya mikono yao, na wako waliofurahi kwa kuwa mtoto wa Mwislamu na wa Mkristo walikaa dawati moja.

Basi mzee akisema, "Mimi ni mjamaa," na mwenzake akisema, "Mimi siutaki ujamaa," huenda wa kwanza anakumbuka shule ya mtoto wake, na wa pili anakumbuka nyumba ya baba yake. Wote wawili wasema kweli. Hawakuona kijiti kimoja.

5. Maswali sita ya kujipima

Mtu atakaye kueleza msimamo wake ayajibu maswali haya kwanza, kabla ya kujiita jina lo lote.

Kwanza: Ardhi na mali, ziwe za nani? Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mtu hupata haki ya kuitumia. Kwingine mtu huimiliki moja kwa moja. Wewe waona ipi njia njema?

Pili: Shule, zahanati, maji na barabara, nani alipe? Mwenye kutumia, au wote kwa kodi?

Tatu: Mtu aachwe huru kiasi gani kusema, kuandika, kuabudu, na kumkosoa mkubwa?

Nne: Mambo ya kale na mambo mapya, yapi yashikwe, yapi yaachwe, na kwa mwendo gani?

Tano: Tunaposema "sisi," ni akina nani? Mgeni na mkimbizi wana nafasi gani?

Sita: Mtawala huondolewaje? Swali hili lapita yote. Itikadi isiyoweza kujibu hapa, hata ikiwa na maneno matamu, ni nyumba isiyo na mlango.

Tena kwa kila jibu kuna kanuni moja: taja na gharama yake. Hakuna wazo la siasa lisilomgharimu mtu fulani kitu fulani. Anayeahidi shule bila kodi, au uhuru bila kelele, huyo anauza mbuzi aliye ndani ya gunia. Na tuulize daima, "Gharama hii italipwa na nani?" Kama kila mara ni mtu mwingine, tufikiri tena.

6. Jibu la mwandishi, kwa mfano

Si haki mwalimu awatume wanafunzi mtoni, naye abaki ukingoni. Basi nitajibu mwenyewe. Chama sitakitaja, kwa kuwa mchungaji ni wa usharika mzima.

Juu ya ardhi: nataka shamba la mkulima mdogo lisitwaliwe pasipo fidia ya haki, wala lisiuzwe kwa siri na mtu mmoja wa nyumba. Gharama yake ni kwamba shamba gumu kuuza ni gumu pia kuwekea rehani ya mkopo. Juu ya soko: mkulima auze anakotaka, na ushirika uwe wa hiari. Gharama yake ni kwamba bei ikianguka, hakuna wa kuilaumu.

Juu ya huduma: shule na zahanati ziwe za wote, kwa kodi, na mwenye nacho zaidi atoe zaidi. Gharama yake ni kwamba fedha nyingi zikikusanywa mahali pamoja, panya hujua njia. Kwa hiyo nataka hesabu zisomwe hadharani, kijijini hata bungeni.

Juu ya uhuru: mtu aseme, hata akinikosoa mimi. Gharama yake ni kwamba uongo nao utasemwa, na kuukanusha ni kazi. Juu ya mila: napenda mwendo wa polepole, isipokuwa mahali ambapo mjane na binti wananyimwa urithi, hao wamengoja mno, na gharama ni ugomvi katika koo, nami nimeketi katika vikao vingi vya ugomvi huo. Juu ya "sisi": naipenda nchi yangu, tena nafurahi kwamba Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia kwetu mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walikubaliwa kuwa raia. Gharama yake ni ardhi na shule za kugawana nao.

Juu ya mtawala: aondolewe kwa kura zinazohesabiwa mbele ya macho ya watu. Gharama yake ni kwamba pengine atachaguliwa nisiyemtaka, nami nitamtii katika sheria na kungoja zamu.

Haya, sasa niiteni jina. Juu ya kusema mimi ni kama mliberali. Juu ya shule ni kama mjamaa. Juu ya mwendo wa mabadiliko ni kama mhafidhina. Atakayeniita kwa moja tu ya hayo atakuwa amekosea mara mbili katika tatu. Nanyi ndivyo mlivyo, wengi wenu, mkijichunguza.

7. Namna ya kuzungumza na asiyeafikiana nawe

Usimjibu mwenzako kabla hujaweza kulisema wazo lake mwenyewe, naye akakubali, akisema, "Ndiyo, hivyo ndivyo niwazavyo." Kazi hii ni ngumu kuliko kupiga kelele, lakini huondoa nusu ya ugomvi.

Pia msiulizane, "Wewe ni wa upande gani?" Ulizaneni, "Juu ya jambo hili, waonaje?" Swali la kwanza huita kamba, la pili huita kuni.

Tena wachache wasinyamazishwe. Methali husema, "Wengi wape," na ni kweli, usipowapa watachukua wenyewe. Lakini wengi wakipewa neno la mwisho, si lazima wapewe maneno yote. Mwaka 1991 tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza Watanzania kama wataka chama kimoja au vyama vingi. Zaidi ya robo tatu walitaka chama kimoja kiendelee. Walakini tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Walikumbuka kwamba wachache nao ni watu, na kwamba katika chama kimoja wachache hawana mahali pa kusimama. Kama wazo lako leo ni la wengi, waachie wenye wazo jingine nafasi. Huenda kesho utaihitaji wewe.

Mwisho turudi kwa neno la wazee. Mzigo huu wa kuishi pamoja watu wa mawazo mbalimbali ni mzito, na ndani yake mna vyombo vya kuvunjika. Tuuchukue kwa siasa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja jina moja la itikadi ulilosikia likisifiwa au kutukanwa. Ndani yake mna mawazo gani? Taja matatu.

2. Kwa nini andiko la Kenya la mwaka 1965 na Azimio la Arusha la mwaka 1967 hayakuwa jambo moja, ingawa yote yalisema ujamaa?

3. Jibu maswali sita katika daftari lako, na kila jibu uandike gharama yake na atakayeilipa.

4. Waketi wawili wawili wasioafikiana. Kila mmoja aeleze wazo la mwenzake mpaka mwenye wazo akubali. Kisha waseme ni jambo gani jipya walilolisikia.